Tuache kugawanyana vidonge

Wandugu wanafunzi, baridi ya mwezi wa sita ikiingia, bweni zima linakohoa. Na papo hapo vidonge vinaanza kutembea toka kitanda hata kitanda: ampisilini mbili kwa huyu, amoksisilini moja kwa yule. Wengi wanasema ni mapendo. Sisi tunaona si mapendo.

Juu ya nini? Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi, inaua bakteria tu. Mutu akiimeza bure, bakteria zinyonge za puani na kooni zinakufa. Zile zenye nguvu ya kupinga dawa zinabaki, zinazaana, na kwa kikohozi zinapita kwa mwenzake. Siku mwenzake atakaposhikwa na homa ya mapafu ya kweli, dawa ya munganga inaweza kushindwa.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alipokea tuzo la Nobel mwaka 1945, na siku zile alionya kwamba mutu ataweza kuinunua dukani, atameza chini ya kipimo, na mikrobe zitazoea. Ikawa hivyo. Mwaka 1977 madaktari wa Durban, Afrika ya Kusini, waliandika juu ya watoto wenye pnemokoki, mikrobe ya homa ya mapafu, iliyoshinda penisilini. Na mwaka 2019 bakteria zinazopinga dawa ziliua watu karibu 1.270.000 duniani, magonjwa ya mapafu ndiyo yaliyochukua wengi zaidi.

Wengine watatujibu: «Kwa munganga wanaomba feza, na sokoni wanauzisha kidonge kimoja kimoja.» Ni kweli, wala hatuwacheki. Mwenye feza ya vidonge viwili hawezi kununua ishirini. Lakini vidonge viwili si nusu ya kupona.

Kwa hiyo tunapendekeza sanduku la darasa. Tunachanga feza ya mupira na ya sikukuu. Tuchange vilevile ya mugonjwa, aende dispensari, apimwe, na akiandikiwa dawa azipate zote, azimalize jinsi alivyoambiwa.

Na kwenu walimu wetu, tunaomba neno moja kwa heshima: mwanafunzi anayekwenda dispensari saa ya masomo asiandikwe kuwa mutoro. Akiogopa azabu, atarudia vidonge vya kitandani.