Shikamoo peke yake haimshibishi mzee

Leo ukifika kanisani, angalia walipokaa wazee. Utaona kwamba hawafanani. Mmoja ameletwa na gari la mwanawe, ana pensheni na kadi ya bima, na nafasi yake mbele inajulikana. Mwingine ametembea na fimbo yake tangu alfajiri, amekaa karibu na mlango, na wakati wa sadaka anapita mbele amekunja ngumi ili jirani asione kuwa mkononi hamna kitu.

Wote wawili tunawaamkia shikamoo. Lakini baada ya ibada mmoja anarudi kwenye chakula, mwingine anarudi kwenye jiko lisilo na moto.

Tofauti yao haikuletwa na uvivu. Wa kwanza aliajiriwa, akakatwa mchango wa hifadhi ya jamii kila mwezi. Wa pili alilima, akauza ndizi gengeni, akalea watoto na sasa wajukuu, wala hakuwahi kuwa na mshahara wa kukatwa. Uzee ulimkuta na umaskini wake, ukamnyang'anya nguvu alizokuwa akipambana nazo.

Wenzetu wa Zanzibar waliliona hili. Tangu mwaka 2016 mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa; ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara hatujafika hapo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo, lakini wengi wao huonwa na daktari bure, kisha wakaambiwa dawa wakanunue duka la nje.

Utaniambia hayo ni mambo ya serikali. Basi fungua Matendo ya Mitume, sura ya 6. Kanisa la kwanza kabisa, lililojaa Roho Mtakatifu, liliwasahau wajane wazi wazi. Chakula kiligawiwa kila siku, lakini wajane wa upande wa Wayahudi waliosema Kiyunani walirukwa. Wote walikuwa wajane, wote waumini, ila mezani hawakuwa sawa.

Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuwaambia wajane wavumilie kwa maombi. Waliita mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo. Soma majina ya wale saba: yote ni ya Kiyunani. Kazi iliwekwa mikononi mwa watu waliojua maumivu ya waliosahauliwa. Na mstari wa saba unasema kwamba baada ya hapo neno la Mungu lilienea.

Sasa tujitazame. Tangazo la jumuiya siku hizi hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Bibi asiye na simu ya aina hiyo anajuaje? Kadi ya michango ya mzee isipojazwa, tunamtembelea kumuuliza anakula nini, au tunasubiri afe ndipo tuhesabu madeni yake kabla ya kumzika? Na ile sabuni na sukari tunayompelekea mara moja kwa mwaka, tukapiga naye picha, inamfikisha wapi?

Kuna anayeuliza, "Watoto wake wako wapi?" Swali hilo ni la haki. Paulo anamwambia Timotheo, katika waraka wa kwanza sura ya 5, kwamba watoto na wajukuu waanze kuwatunza wa nyumbani mwao, ili kanisa liweze kuwasaidia wajane wasio na mtu. Na Yesu, katika Marko 7, aliwakemea wazi watu waliowanyima wazazi kwa kisingizio kwamba mali imekwisha kutolewa wakfu kwa Mungu. Ndugu yangu, kama umeahidi mabati ya kanisa na mama yako kijijini hajui atakula nini kesho, anza na mama. Mungu hapokei mabati yaliyotoka kwenye sahani yake.

Lakini wapo wasio na mtoto, na wapo waliozika watoto wao wote. Hao ni wa kwetu. Wiki hii iulizeni jumuiya yenu iandike majina ya wazee wake, nani anaishi peke yake, nani ana dawa za kila mwezi. Kisha wazee wenyewe, hasa wale wa karibu na mlango, waingizwe katika kamati itakayogawa msaada. Wao ndio wanaojua nani hulala njaa.

Na leo usiondoke kanisani mpaka umemfuata yule aliyekunja ngumi. Msalimie, kaa naye, muulize nyumbani kwake ni wapi. Kisha nenda.

Mungu akubariki.