Msitukatie sura nne za mwisho

Nasema nanyi, wasikilizaji wetu wa Kiwanja na Rutshuru-centre, na ninyi mliobaki Goma kwa ndugu na jamaa mkisubiri kujua kama kurudi kunafaa. Leo sikuleti habari ya bei ya maharagi wala ya barabara. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kitabu.

Nagombana na mwenzangu wa kazi, kijana ninayempenda kama mdogo wangu. Nilimuazima kitabu cha tatu cha Tolkien, kile ambacho kwa Kifaransa kinaitwa *Le Retour du roi*, kurudi kwa mfalme. Alikisoma kwa wiki mbili. Aliponirudishia alisema: « Kaka, ni kizuri, lakini mwandishi hakujua kunyamaza. Vita vimeisha, mfalme amevikwa taji, watu wameimba. Bado anaongeza sura nne za nini? » Halafu akaongeza neno lililoniuma: « Filamu ilifanya vizuri kukata. »

Kwa yule asiyejua hadithi, naieleza kwa ufupi. Kuna watu wafupi, wakulima, wanaokaa kijijini Shire na kupenda kula vizuri. Mmoja wao, Frodo (Kifaransa kinamwita Frodon), anapewa pete ya uovu ili aende kuiharibu ndani ya mlima wa moto, katika nchi ya adui. Anasindikizwa na Sam, mtunza bustani wake. Wanateseka kurasa mia kwa mia, mpaka pete inaangukia motoni. Mfalme wa kweli anakalia kiti chake. Kitabu cha tatu kilitoka mwaka 1955. Mwandishi mwenyewe alikuwa ameandika hadithi moja tu, ndefu. Wachapishaji ndio walioigawa katika vitabu vitatu, sababu mojawapo ikiwa gharama ya karatasi. Hata jina la kile cha mwisho hakulipenda. Yeye alitaka kiitwe Vita vya Pete.

Mimi vitabu viwili vya kwanza niliviazima nilipokuwa nasoma uandishi wa habari Goma. Cha tatu nilikinunua kikuukuu sokoni Birere, na kilikaa nyumbani Kiwanja bila kusomwa. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2022 tulipokimbia, sikukichagua. Nilibeba begi ya kazi bila kuangalia, nikakikuta ndani tulipofika Kanyaruchinya. Basi nilikisoma kambini, usiku, kwa taa ya simu, chini ya turubai iliyokuwa inavuja. Kurasa za nyongeza za mwisho sikuzisoma hata moja, kwa sababu kuna mtu alizichukua akafungia karanga za kuuza. Simlaumu. Karanga zililiwa.

Sasa, mdogo wangu, sikiliza ni nini kilicho ndani ya zile sura nne unazoziita uchovu.

Wale wafupi wanarudi kwao. Wanafika usiku, wamelowa na mvua, wamechoka. Kwenye daraja ambalo zamani kila mtu alipita bila kuulizwa, wanakuta lango kubwa limefungwa. Ndani kuna walinzi, vijana wa kwao kabisa, wanaoogopa kuliko wanavyoogopesha. Wanaambiwa kwamba usiku haruhusiwi mtu kuingia. Ukutani kuna orodha ya makatazo. Chakula kimekusanywa na watu wanaosema watakigawa kwa haki, na hakuna aliyewahi kuona mgao huo. Kesho yake wanatembea na kukuta nyumba za kuotea moto jioni zimefungwa, miti iliyokuwa kando ya barabara imekatwa na haikutumika hata kwa kazi, nyumba za watu zimebomolewa. Mtu wa kwao mwenyewe ndiye aliyeanza: alinunua mashamba, akauza mavuno nje, akaita watu wa nguvu wamlinde. Mwisho wale watu wa nguvu wakamtawala yeye.

Niambie wewe uliyewahi kutembea barabara ya Goma mpaka Rutshuru, ukapita Kibumba, Rugari, Rumangabo, Kalengera, ukalipa hapa na kujieleza pale: ukurasa huo ni uchovu?

Niliusoma mara mbili usiku uleule. Kisha nikausimulia. Kambini jioni watu walikuwa wanakaa karibu na jiko la makala, na mimi nikawa msimulizi kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Sehemu ya vita vya mfalme, watoto walipenda. Wakubwa walisikiliza kwa heshima tu. Lakini nilipofika kwenye lango la daraja, watu wazima walisogea. Mama mmoja wa upande wa Tongo, ambaye kila jioni alikuwa anatengeneza sombe bila kuinua kichwa, aliinua kichwa. Nilipomaliza kusema miti imekatwa, aliuliza: « Na nani alimlipa? »

Nilitafuta kitabuni. Hakuna aliyelipa.

Hiyo filamu unayoisifu, ya mwaka 2003, ilipata Oscar 11. Ndani yake wale wafupi wanarudi na kukuta kila kitu kiko vile walivyokiacha. Majani ni mabichi, watu wanacheka, wao wanne wanakaa kwenye kilabu na kuangalia glasi zao. Sikatai kwamba ni filamu nzuri, niliiangalia nikalia. Lakini jua kwamba waliotengeneza walikata ile sura ambayo mwandishi hakuiweka kwa bahati mbaya. Tolkien alikuwa askari Somme mwaka 1916, alirudi Uingereza mgonjwa, na mwaka 1918 ulipofika, rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Mtu kama huyo anajua kwamba tarehe ya amani siyo tarehe ambayo mtu anafika nyumbani.

Na hapa ndipo hasira yangu inapotoka kwenye kitabu na kuja kwetu. Wanaokata sura za mwisho siyo watu wa sinema peke yao. Mwezi wa pili 2025, baada ya Goma kubadilisha mikono, wahami wa vita katika kambi za pembeni ya mji walitangaziwa saa 72 za kuondoka. Baadaye ikasemwa kurudi ni kwa hiari. Turubai zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Watu walipanda malori, wengine walitembea na godoro kichwani na mbuzi mmoja nyuma, na magazeti yakaandika neno moja: wamerudi. Tangu siku hiyo wametoka kwenye hesabu. Aliyerudi siyo mhami tena, kwa hiyo hana karatasi ya mgao, hana mtu wa kumuuliza jina. Mfalme amevikwa taji, taa zimewashwa, watazamaji waende nyumbani.

Nasi wa redio tumo humo humo, nisijifanye msafi. Mimi mwenyewe nimetuma habari ya sekunde arobaini yenye neno hilo « wamerudi », na fundi wa studio akapiga muziki nyuma yake. Sikuuliza wamerudi kwenye nini. Wengine walikuta bati zimeng'olewa, zimebaki kuta za udongo zinazoyeyuka na mvua. Wengine walikuta shamba lao limelimwa na mtu asiyewajua, anayewaambia kwa upole kabisa kwamba naye alipewa. Hiyo ilikuwa sura ya nane, na mimi niliikata kama yule mtu wa filamu.

Kuna jambo lingine katika sura hiyo ambalo nalibeba moyoni, na ndilo linalonifanya nimsamehe Tolkien mengi. Wale wafupi wanapigana kuiondoa ile dhuluma. Ni vita vidogo, vya asubuhi moja. Wafupi 19 wanakufa. Frodo hatoi upanga. Kazi yake siku ile ni kuwazuia watu wake wasiwaue adui waliokwisha kutupa silaha. Halafu wale 19 wanazikwa pamoja kilimani, wanawekewa jiwe, na majina ya wote walioshiriki yanaandikwa kwenye orodha ambayo wajuzi wa historia wa kijiji wanaikariri kichwani.

Watu 19. Sisi hapa Kiwanja, tarehe 4 na 5 mwezi wa kumi na moja 2008, Human Rights Watch iliandika kwamba waliuawa watu wasiopungua 150. Wasiopungua. Neno hilo nimelisoma hewani mara nyingi kila mwaka tarehe hizo zinapofika, na kila mara linanikwama. Familia zinajua majina yao, moja moja, nyumba kwa nyumba. Lakini ni mtoto gani wa shule leo anayeweza kukutajia hata kumi? Mzungu aliyebuni kijiji kisichokuwepo aliwahesabu wafu wake wa kubuni mpaka wa mwisho. Nilipoelewa hilo nilifunga kitabu, nikatoka nje ya turubai, nikasimama kwenye mawe ya volkano mpaka baridi ikanirudisha.

Kwa hiyo mdogo wangu, sura hizo naziteteya. Usidhani hata hivyo kwamba nimekipenda kitabu chote. Nina deni na mwandishi, na ni kubwa.

Kwanza huyo mfalme. Mikono yake inaponya wagonjwa kwa majani, na ndiyo alama kwamba yeye ndiye wa haki. Samahani, Bwana Tolkien. Sisi hapa tumeona wengi waliokuja na mikono ya kuponya. Kila aliyekuja na bunduki alisema amekuja kutukomboa, na kila mmoja alikuwa na ukoo wa kuonyesha. Mtu wa Bwisha anayesoma kwamba shida za nchi zinaisha kwa sababu damu sahihi imekalia kiti, anacheka, halafu anaacha kucheka.

Tena katika vita vikubwa vya kitabu hiki kuna wapiganaji wanaotoka kusini ya mbali, watu weusi, na mwandishi anawalinganisha na madude. Nilisoma mstari huo nikiwa mweusi, chini ya turubai, na rafiki zangu weusi wamelala kando. Sitajifanya sikuuona. Najua kwamba katika kitabu cha pili Sam anaona maiti ya mtu wa kusini na kujiuliza kama kweli alikuwa mbaya, au alidanganywa akatolewa kwao. Nampenda Sam kwa swali hilo. Najua pia kwamba mfalme anawaacha huru watumwa wa nchi ya adui na kuwapa ardhi iwe yao. Lakini jambo hilo, ambalo kwangu ndilo lingestahili kitabu kizima, limepewa kipande cha sentensi, halafu mbele kwa mbele.

Na kile kisanduku! Sam amepewa zawadi ya udongo na malkia wa msituni. Anaunyunyiza, chembe moja kwa kila mti, na mwaka unaofuata miti inapanda kama imerukwa na akili, mavuno yanajaa, watoto wanazaliwa wazuri. Mwaka mmoja! Kabla ya hapo mwandishi alikuwa amesema kweli: watu walifanya salongo, walibomoa majengo mabaya ya wale wakubwa na kutumia matofali yaleyale kukarabati nyumba zao. Hapo nilikuwa nashangilia. Angeacha hivyo. Mti wa avoka haukui kwa sababu umeteseka. Mama wa Tongo, nilipomsimulia kisanduku, alisema « aah », akarudi kwenye sombe yake.

Mwisho kabisa, meli. Frodo hawezi kukaa kwao. Kila mwaka tarehe ya kidonda chake inapofika anaumwa, anaficha, anasema si kitu. Hili ni kweli tupu. Najua mtu hapa mtaani ambaye kila mwezi wa kumi unapokaribia hulala na viatu. Kitabu kinamhurumia Frodo na kumpa nafasi katika meli inayokwenda ng'ambo ya bahari, mahali pa kupona. Lakini meli ni ya wachache: wakubwa wa zamani, na wale waliobeba Pete. Lango la daraja lilikuwa la wote. Dawa ina orodha yake.

Mwenzangu atanijibu kwamba watu wamechoka, wape furaha, usiwarudishie lango na mvua. Nimelifikiria hilo, kwa sababu halisemi kwa ubaya. Lakini nilikuwepo pale kwenye jiko la makala. Nyimbo za mfalme hazikuwasogeza. Waliposikia kwamba hata katika hadithi ya Wazungu mtu anaweza kurudi kwake akakuta si kwake, walisogea, na kwa mara ya kwanza tangu tufike kambini walianza kusimulia ya kwao.

Ndiyo maana kuanzia Jumamosi ijayo, kipindi chetu cha saa kumi na mbili jioni kitakuwa na dakika kumi za waliorudi. Hatutauliza mumerudi lini. Tutauliza mulikuta nini, na kama yuko mtu aliyekuja kuandika. Asiyetaka jina lake lisikike, halitasikika.

Kitabu chenyewe sinacho tena. Kiko kwa binti mmoja wa kidato cha sita hapa Kiwanja. Jana alinisimamisha sokoni, akasema amefika kwenye daraja, wamekatazwa kuingia, na nisimwambie kinachofuata.