Spika Umeunda Mwenyewe, Fundi wa Vinia Unamtaka kwa Bei ya Soda?

Prodyuza mmoja wa jijini Dar, jina lake libaki kapuni, ameamsha mjadala mtandaoni baada ya kuposti klipu ya spika mbili alizojitengenezea nyumbani. Boksi ni za MDF, kakata mwenyewe. Spika na twita kanunua Kariakoo. Muziki unapiga vizuri, hilo halina ubishi. Shida iko nje: vinia aliyobandikiwa na fundi wa mtaani kwake imetoka malengelenge na kona zimebanduka.

Klipu imemwonyesha fundi sura nzima. Basi watu wakamshukia kama mwewe: "Bongo hakuna mafundi!"

Jamani, mafundi wapo. Aliyekosea njia ni mteja.

Vinia ni ganda jembamba la mbao halisi, mara nyingi halifiki hata milimita 1. Halifichi uchafu. Chini kukiwa na vumbi, tundu la skrubu au gundi iliyojikusanya, juu itaonekana tu. Msasa ukizidi kidogo kwenye kona, ganda limeisha, MDF hiyo inachungulia. Na ile pembe ya MDF iliyokatwa inakunywa gundi kama sponji, lazima ipakwe zaidi ya mara moja. Ukitumia gundi ya mpira, inashika palepale, ukilenga vibaya imekula kwako. Ukibandika kabla haijakauka vizuri, mvuke wake unakosa pa kutokea, ndiyo hayo malengelenge.

Sasa fundi aliyepewa kazi hii ni wa vitanda. Kila siku yuko na mninga, mbao nzima, randa na vanishi. Kapewa siku mbili. Na prodyuza mwenyewe kwenye klipu anajisifu jinsi "alivyomkamua" bei. Kwa hela hiyo alitegemea nini?

Kinachouma zaidi, huyohuyo kila siku analalamika kwamba wasanii wanataka biti kwa mkopo. Jasho lake lina bei, la mwenzake halina?

Mafundi nao wasijifanye malaika. Wapo wanaosema "naweza" kwa kila kazi, wakishakula advansi inakuwa "njoo kesho, bosi". Lakini fundi akisema ukweli, "hii sijawahi kufanya", wateja wangapi humpa muda wa kujaribu? Wengi huondoka na hela yao. Kwa hiyo anadanganya ili watoto wale.

Anayetaka spika za kupendeza sebuleni aende kwa wanaobandika vinia kila siku: watu wa milango, meza za ofisi na makabati. Ukizunguka Keko na kuuliza kwa heshima, utaelekezwa. Usiangalie picha za kwenye simu peke yake, omba uone kazi iliyokaa miezi kadhaa. Igonge kwa kidole. Pasiposhika panalia tofauti, na mtu wa muziki hashindwi kusikia hilo. Mpe kwanza kipande cha MDF ajaribie, na umlipe hata hicho. Ng'oa spika na twita kabla ya kupeleka boksi, vumbi la msasa si rafiki yao.

Ila kumwanika mtu sura kwa kazi ambayo si yake, hapana. Fundi wa mtaani hana meneja wala ukurasa wa kujitetea. Anaishi kwa mdomo wa watu: huyu akimsifia, yule analeta kazi. Klipu moja ya mtu mwenye wafuasi wengi inaweza kumfungia banda. Spika zinabanduliwa vinia na kubandikwa upya. Jina la fundi halina gundi.

Wewe unaonaje, fundi alitakiwa kuikataa kazi, au mteja kayataka mwenyewe? Funguka hapo chini, ila matusi hapana.