Neno la Mhariri: Shaka Lisilotaka Kupimwa

Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli aliwaambia Watanzania kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu na umri wao, na majibu yakarudi kuwa zina korona. Wengi walicheka. Sisi tunafungua toleo hili kwa kumtetea, walau kwa hatua ile ya kwanza. Kuipelekea maabara sampuli ya mtego si kichekesho. Ndivyo maabara zinavyokaguliwa duniani kote, na rais yule, mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, alilijua hilo.

Kosa lilikuja baadaye. Mkaguzi anayetafuta ukweli hurudia kipimo, huita wataalamu wengine walinganishe, huwapa waliokaguliwa nafasi ya kujieleza, kisha huweka ripoti mezani. Badala yake mkuu wa maabara alisimamishwa kazi, na takwimu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Zikakaa hapo kwa zaidi ya mwaka, kana kwamba virusi navyo vilipokea maelekezo kutoka juu.

Kasoro hiyohiyo ilijitokeza kwenye chanjo. Kuhoji usalama wa chanjo ni haki ya mzazi na ni wajibu wa mwanasayansi. Hatuna ugomvi na shaka. Ugomvi wetu ni na shaka linalotangazwa jukwaani na hapohapo kufunga mlango wa kulichunguza.

Januari 27, 2021, Chato tena, rais alisema chanjo za korona hazifai: mzungu angekuwa na uwezo huo, angekwisha kuleta chanjo ya UKIMWI, ya malaria na ya saratani. Kwenye malaria ndipo rais alipowasahau Watanzania wenzake. Siku hiyo, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilikuwa tayari inatolewa kwa majaribio katika kliniki za Kenya, Malawi na Ghana, tangu 2019. Kabla ya hapo ilikuwa imepimwa katika nchi saba za Afrika kwa watoto zaidi ya 15,000, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe. Waliowachoma sindano, waliowapima joto, waliosoma damu yao kwenye hadubini na kujaza madaftari walikuwemo watafiti na wauguzi wa hapa hapa.

Na kazi yao haikuficha dosari. Ilionyesha kwamba chanjo ile inazuia kiasi cha theluthi moja tu ya malaria. Ikaonyesha pia jambo zito zaidi: homa ya uti wa mgongo ilijitokeza zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwa wasichana waliochanjwa kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani halikuipitisha moja kwa moja. Liliagiza itolewe kwanza katika maeneo ya nchi zile tatu, huku watoto wakifuatiliwa kwa karibu. Dalili zile hazikujirudia, na Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa.

Tusimlaumu mwananchi anayesitasita. Mwaka 1996, huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wagonjwa wa uti wa mgongo. Watoto 11 kati ya 200 wa jaribio lile walifariki, na familia zikadai hazikuombwa ridhaa ipasavyo. Viongozi wa Kano waliposimamisha chanjo ya polio mwaka 2003, jeraha lile lilikuwa bado bichi. Hasira ilikuwa halali, lakini iliangukia chanjo isiyohusika. Polio ya kaskazini mwa Nigeria ikasafiri hadi Yemen na Indonesia, na waliobaki na miguu iliyopooza ni watoto.

Hapa kwetu upepo uligeuka Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, mrithi wa Magufuli, alipochanjwa hadharani dhidi ya korona. Alikuwa ametanguliza kamati ya wataalamu, na tunampongeza. Hata hivyo, kwa mwananchi wa kawaida mambo hayakubadilika sana: jana alikataa kwa neno la mkubwa, leo anakubali kwa neno la mkubwa. Chanjo ileile aliyochomwa rais, ya Johnson & Johnson, ilikuwa imesitishwa Marekani mwezi Aprili, baada ya wanawake sita kuganda damu kwa namna isiyo ya kawaida, katika dozi karibu milioni saba. Ilichunguzwa, ikarudishwa ikiwa na onyo. Habari ya namna hiyo inamwonyesha raia kwamba yupo anayeangalia.

Basi kila mwanasiasa atakayesimama kuipinga chanjo, au kuitetea, tumuulize: unataka kipimwe nini, apime nani, na majibu yakikukana utayatangaza? Na Bunge lidai kila mwaka taarifa ya madhara yote yaliyoripotiwa baada ya chanjo, makubwa na madogo, isomwe na kujadiliwa hadharani kama ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG).