Unalilia mirabaha huku FL Studio yako ni ya wizi
Ingia studio nyingi za chumbani, Umoja au Kayole, uulize programu ya kurekodi ilitoka wapi. Ilikuja kwa flashi ya rafiki, kufuli ikiwa imeshavunjwa. Na prodyuza huyo huyo ndiye analalamika mtandaoni kwamba wasanii wa Kenya hawalipwi mirabaha. Hapo bana, siwezi kumtetea.

Kisingizio huwa bei. Lakini Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote, kisha leseni ya prodyuza mdogo ni dola 60. Tena ni nyepesi, hata laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inaibeba. Huna kompyuta? BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwa simu, bora tu bando isikatike. Mwenye Mac ana GarageBand, halipi kitu.

FL Studio ni tamu kwa kupika biti, sikatai. Ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya maisha yote. Ila toleo lake la bei ya chini kabisa, Fruity, halirekodi sauti, na kuna wanaogundua hivyo mteja akiwa ashasimama mbele ya maiki. Lile la majaribio nalo linahifadhi kazi yako lakini halikufungulii tena hadi ulipie.

Sasa hiyo ya flashi ikija na virusi vimeze nyimbo za mteja aliyekwisha kulipa, utampigia nani simu?