Nyama wa Porini na Nyama ya Chungu



Siku moja niliwaonyesha wanafunzi wangu hapa Kolwezi picha ya punda milia. Mtoto mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono, akauliza: “Mwalimu, nyama yake ni tamu?” Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Usiku, nilipolikumbuka swali lile, kicheko kiliniisha. Kwa Kiswahili chetu cha Katanga neno “nyama” ni lile lile kwa mnyama aliye hai porini na kwa kitoweo kilicho chunguni. Na mtoto huyu wa mji wa machimbo, nyama wa porini amemwona wapi, isipokuwa sokoni, amekwisha kukaushwa kwa moshi? Angeuliza nini kingine?

Wala hakujua, kama wazazi wengi wasivyojua, ya kuwa punda milia si wageni wa nchi za mbali. Katika Kongo yote, kundi la mwisho la punda milia wa porini limebaki Upemba, katika hifadhi ya taifa iliyotengwa mwaka 1939, upande wa kaskazini-mashariki ya mji wetu. Mtu hutoka Ulaya kwa ndege kwenda Kenya au Tanzania kuwatazama, nasi tunao jirani tusiowajua.

Njia ya kwenda huko tumeonyeshwa na mto wenyewe. Lualaba hutoka katika nyanda za juu za kusini, hupita karibu nasi, hupenya mawe ya korongo la Nzilo, mahali ambapo katika miaka ya 1950 maji yake yalizuiwa ili yatoe umeme wa machimbo. Kisha huteremka mpaka Bukama. Hapo huacha haraka zake zote. Hutawanyika katika mafunjo na maziwa, Upemba na Kisale yakiwa miongoni mwao, katika bonde lenye kimo cha mita 600 hivi juu ya bahari. Upande wa mashariki milima ya Kibara hupanda kupita mita 1,700. Huko kwenye majani mafupi na baridi kali ya kiangazi ndiko waliko punda milia.

Mwaka mmoja nilifika Bukama na wanafunzi kumi na wawili. Hatukupanda mpaka Kibara, fedha zilikuwa zimekwisha. Punda milia mimi mwenyewe sijawaona bado. Lakini tulikaa ukingoni asubuhi nzima. Furukombe alipiga kelele juu ya mti mkavu, akashuka, akanyakua samaki mbele ya macho yetu, na hao watoto, ambao darasani hawanyamazi hata nikipiga meza, wakanyamaza. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza wavu wake, akaulizwa: “Baba, viboko wako wapi?” Akajibu, “Wajukuu, zamani tuliwakimbia. Sasa wao wanatukimbia.”

Sitaki kumhukumu mvuvi. Mwaka 1957 wataalamu walichimbua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta vyungu vizuri na vitu vya shaba. Watu wa kale walikula samaki na nyama wa mabonde hayo kwa karne nyingi, wala nyama hawakwisha. Kilichozidi leo ni bunduki za vita, wawinda pembe za ndovu, na soko. Askari wa hifadhi kadha wameuawa wakiwa kazini. Na soko ni nani? Nyama mkavu anayeuzwa Kolwezi hakujileta mwenyewe kwa miguu yake. Sisi wenye mishahara ya machimbo ndio tunaomnunua, tena tukijisifu kwamba nyama ya pori ni chakula cha heshima siku ya ubatizo au ya arusi. Mimi pia nimeila mezani kwa watu, nikasifu mapishi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, aliandika juu ya viumbe vinavyopotea tusipate kuviona kamwe. Nilipoisoma niliwaza swala wa majimaji wa Upemba, ambaye mwaka 2005 tu mtaalamu mmoja alimwandika kuwa ni aina ya peke yake. Kupewa jina na kutoweka katika maisha ya mtu mmoja!

Basi, wazazi, katika kiangazi kijacho nakusudia kuwapeleka wanafunzi Nzilo, kwa kuwa ni karibu na gharama ni ndogo. Bukama itafuata, Mungu akipenda. Atakayekubali mwanawe aende anipe jina lake baada ya Misa ya pili. Mkate na maji kila mtoto abebe mwenyewe. Yule wa benchi la nyuma nimekwisha kumwandika wa kwanza.