Kijana Mwanasheria na Kampuni ya Kuichagua

Kila inapowadia sherehe ya kuwaapisha mawakili wapya, hawakosekani miongoni mwao vijana wachache wasemao kwamba shabaha yao si mashauri ya viwanja wala ya mirathi, bali ni usuluhishi wa kimataifa. Swali linalofuata huwa ni moja: waanzie katika kampuni gani ya mawakili? Wanaoulizwa swali hilo aghalabu ni mwalimu aliyewafundisha, au mjomba aliye ofisa wizarani, nao hujibu kwa kutaja jina lolote kubwa la London au Paris walilopata kulisikia. Jibu hilo ni jepesi mno.

Yafaa kwanza ieleweke ni kazi ya namna gani. Baraza la usuluhishi huundwa na wagombanao wenyewe. Kila upande humteua msuluhishi mmoja, na wa tatu, ambaye ndiye mwenyekiti, hupatikana kwa makubaliano au huteuliwa na taasisi inayosimamia shauri. Uamuzi wao huitwa tuzo. Kwa mujibu wa Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, tuzo iliyotolewa Paris yaweza kutekelezwa Dar es Salaam. Ama migogoro baina ya dola na wawekezaji, mingi hupelekwa Washington, katika kituo kilichoundwa kwa mkataba wa mwaka 1965 chini ya Benki ya Dunia.

Watumishi wa umma huikumbuka kazi hiyo kwa gharama zake. Mwaka 2010 baraza lililosimamiwa kutoka Paris liliiamuru TANESCO kuilipa Dowans fedha zilizokadiriwa kufikia shilingi bilioni 94. Mwaka 2023 tuzo nyingine, iliyohusu leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, ilifikia dola milioni 109. Mwaka uliofuata Serikali na kampuni ya Indiana Resources zilikubaliana dola milioni 90. Lakini liko pia shauri la Biwater Gauff, lililozuka baada ya kuvunjwa kwa mkataba wa maji wa Dar es Salaam mwaka 2005. Katika tuzo ya Julai 2008 baraza lilisema kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake, na hata hivyo mdai hakupewa fidia hata senti moja, kwa kuwa kampuni yake ya maji ilikuwa imekwisha kupoteza thamani kabla ya vitendo vilivyolalamikiwa. Hoja ya namna hiyo haisimami kwa ufasaha wa maneno. Husimama kwa daftari za hesabu, barua za ofisini na mashahidi waliotayarishwa vema, na mtayarishaji ni wakili aliyekesha na majalada kwa miezi mingi.

Nigeria ilijifunza jambo hilo kwa njia ya uchungu zaidi. Katika mgogoro wa mkataba wa gesi wa mwaka 2010, kampuni ya P&ID ilipata tuzo ya dola bilioni 6.6 mwaka 2017, na kwa riba deni likapita dola bilioni 11. Oktoba 2023 Jaji Robin Knowles wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliona kwamba tuzo hiyo ilipatikana kwa hila na rushwa. Lakini hakuishia hapo: alieleza pia jinsi upande wa Nigeria ulivyozidiwa kwa uzoefu mbele ya baraza. Taifa zima lilikaribia kubeba mzigo huo, na sababu mojawapo ilikuwa upungufu wa watu walioijua kazi.

Hapo ndipo swali la kijana lilipo. Anachokitafuta si jina la kubandika katika wasifu wake, bali ni mahali pa kujifunzia kazi. Katika kampuni kubwa zenye mamia ya mawakili, shauri moja laweza kuwa na nyaraka maelfu kwa maelfu, na kijana mgeni akapewa chumba na lundo la barua za kuchambua, miaka miwili ikapita asimwone shahidi hata mmoja. Mshahara ni mnono, bila shaka, na jina hufungua milango. Lakini ziko kampuni ndogo zinazoshughulika na usuluhishi peke yake, ambako mawakili ni wachache na kwa hiyo kijana hulazimika kuandika rasimu ya hati ya madai na kuketi nyuma ya mkubwa wake siku ya kusikilizwa shauri. Anayetaka kuwa wakili wa baraza, kisha siku moja msuluhishi, hana budi kuipima nafasi hiyo kwa uzito zaidi kuliko mshahara.

Jambo la pili ni wateja. Kampuni inayoyategemea makampuni ya mafuta na madini haiwezi kesho yake kuitetea serikali dhidi ya hayo hayo. Mgongano wa maslahi huikataza. Kijana aliyelelewa upande mmoja tu huizoea dola kuwa mdaiwa wa kukamuliwa. Wapo wanaodai kwamba kufanya kazi huko ni usaliti. Maneno hayo hushangiliwa katika mikutano, lakini hayamtengenezi wakili: serikali za Afrika zenyewe huziajiri kampuni za kigeni kuzitetea, na ajuaye jinsi madai yanavyojengwa ndiye ajuaye pa kuyabomolea. Iliyo bora kwa mwanafunzi ni kampuni inayosimama leo na mwekezaji, kesho na dola. (Naye mwalimu wa Kifaransa aambiwe hapa kwamba somo lake lina soko, kwani mashauri mengi ya Afrika Magharibi na Kati huendeshwa kwa lugha hiyo.)

Na nyumbani je? Kampuni za Dar es Salaam zinaposhirikishwa katika mashauri haya, mara nyingi huombwa maoni tu juu ya sheria ya Tanzania, kazi nzuri lakini finyu. Hata hivyo mambo yanabadilika. Kigali ilifungua kituo chake cha usuluhishi mwaka 2012, Nairobi ikatunga sheria ya kuanzisha chake mwaka 2013, na Tanzania ikaifuta sheria ya usuluhishi ya tangu mwaka 1931 kwa kutunga mpya mwaka 2020. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2017 inazuia migogoro ya maliasili za nchi isipelekwe katika mahakama na mabaraza ya nje. Sheria yaweza kuyarudisha mashauri nyumbani. Haiwezi kuwazaa wasuluhishi ambao pande zote mbili zitawaamini.

Ipo pia Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa mwaka 2018. Huko mshahara ni wa utumishi wa umma, lakini majalada ya nchi yapo mezani. Njia ya kufaa kwa wengi ingekuwa kuanzia hapo, kwenda nje miaka mitatu au minne katika kampuni iliyochaguliwa kwa uangalifu, kisha kurejea. Tatizo ni hilo la kurejea. Mwanasheria aliyezoea kujenga shauri la mamilioni ya dola, akirudi na kupangiwa kuandika muhtasari wa vikao, hatakaa. Wakuu wa idara wanaoidhinisha ruhusa za masomo wanapaswa kuamua kabla hajaondoka atarudi katika kiti gani, na waandike katika barua ile ile ya ruhusa.

Naye kijana, atakapofika katika usaili na kuambiwa mwishoni aulize swali kama analo, asiulize habari za likizo. Aulize ni lini mara ya mwisho wakili wa umri wake katika kampuni hiyo alimhoji shahidi mbele ya baraza, na shauri hilo lilikuwa la nani.